Fukusi Hawajui Mwaka wa Fedha

Kitu cha kijinga nilichofanya nitakisema kwanza, msije mkakisikia kwa watu wa mwaloni ambao huongeza chumvi: nilifanya usafi. Nilifagia, nikapiga deki, nikang'oa kila jani bovu kwenye matangi ya kituo cha utafiti, nikaweka majani mapya ya kijani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta ya kupikia. Kwa usafi huo, utafiti wa miaka mitatu ulikufa asubuhi moja, kabla hata ya chakula cha mchana.

Najua mnavyonijua. Mimi ndiye Mabula niliyemvalisha mbuzi wa mwalimu wa zamu tai ya shule. Kwa hiyo mtadhani huu nao ni utani. Si utani. Nimekasirika tangu mwaka jana na hasira haijapoa, na ninyi mlioingia Kidato cha Kwanza inafaa mjue kazi ile ilivyofanywa, maana sasa haifanywi na mtu yeyote. Kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliostaafu. Basi mzee mstaafu ni mimi. Nimetumikia utafiti wa serikali tangu Kidato cha Kwanza mpaka cha Tatu, Jumamosi zote na likizo zote, nikastaafishwa bila kiinua mgongo wala saa ya ukutani.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa na Mama. Kituo kiko ufukweni huku kwetu Ilemela, chini ya mawe makubwa, jirani kabisa na mwalo wetu. Mwalo, kwa ninyi mliokulia Usagara njia panda mkadhani samaki huzaliwa sokoni, ni mahali mitumbwi inapofika na kushusha samaki. Mama yangu anauza dagaa pale. Anawanunua mtumbwini wakiwa bado wanametameta, anawaanika juu ya mawe, wakikauka anawapeleka mjini.

Ila mwalo ulikuwa unafungwa. Magugu maji yalikuwa yameingia ghubani na kutanda kama zulia, na maua ya zambarau juu yake, mgeni akiyaona anasema pazuri. Mtumbwi ukijaribu kupita, kasia linanasa. Wavuvi wakaanza kushusha upande wa pili wa kilima, na Mama akawa anazunguka kilima chote na beseni kichwani, akifika anakuta wamebaki dagaa waliopondeka. Ada yangu ya shule ilikuwa inatoka kwenye beseni hilo. Kwa hiyo ninapoeleza mambo ya serikali huko mbele, lile beseni msilisahau.

Kituo kilikuwa kinatafuta kibarua kwa sababu wafanyakazi wake wengi walikuwa wamepitiwa na punguzo. Ulikuwa wakati huo: serikali inapunguza watu, kila ofisi inabaki na viti vingi kuliko makalio. Mkuu wa Kituo, mtu mnene wa suti ya Kaunda, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa yule mama wa dagaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Unaogopa wadudu?"

"Nalala nao, mzee. Kitanda chetu kina kunguni."

Mama alinifinya mgongoni mpaka nikasimama kwa vidole. Mkuu wa Kituo hakucheka. Aliyecheka ni mtu aliyekuwa nyuma yake, alicheka mpaka akavua miwani. Huyo ndiye Dakta Mafuru, Mtafiti Mkuu. Nikaajiriwa kwa sababu ya kicheko chake.

Dakta alikuwa Mjita wa kule Mara, mrefu, mwembamba, anatembea kama korongo anayeogopa kulowa. Ndani ya wiki moja nilikuwa nimeshaujua mwendo ule kuliko yeye mwenyewe. Nilikuwa nikimfuata nyuma nikimwigiza, na vibarua wenzangu wanang'ata midomo. Kumbukeni na hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa kulisha fukusi. Si fukusi wale wa mahindi, ila ni ndugu zao: wadogo kama punje ya mchele, rangi ya kahawa, pua ndefu iliyopinda. Walikuwa wanatoka nchi za nje na chakula chao ni kimoja tu, magugu maji. Ukiwapa mchicha watakufa njaa wakiutazama. Dakta alikuwa anawafuga kwenye matangi ya saruji yaliyojazwa maji na magugu, wazaane, wakiwa wengi waachiwe ziwani wakale lile zulia.

Lakini wadudu wanakula magugu, na utafiti nao una chakula chake, kinaitwa ruzuku. Ruzuku ni fedha ambayo serikali inampa mtafiti afanye kazi fulani. Hairudishwi kama mkopo, lakini inazaliwa ikiwa na tarehe ya kufa. Yetu ilikuwa ya miaka mitatu. Kabla haijaisha, linakuja jopo, yaani watu kutoka makao makuu, kuangalia kama kazi inastahili. Wakiridhika, ruzuku inahuishwa, mnapata miaka mingine mitatu. Wasiporidhika mnafunga matangi na kila mtu anaenda kwao. Na kibali cha kuwaachia fukusi ziwani kingetoka pamoja na hiyo miaka mingine. Bila kuhuishwa, hakuna mdudu anayeruhusiwa kutoka nje ya ua.

Dakta alikuwa amemwahidi Mama kwa mdomo wake kwamba mwalo wetu utakuwa wa kwanza. Alikuwa amekaa juu ya jiwe la kuanikia dagaa, magoti yamefika kidevuni.

"Dakta, hao wadudu wako wataanza kula lini huku kwetu?" Mama alimuuliza.

"Mama Mabula, nikiongezewa muda tu."

"Nani wa kukuongezea?"

"Serikali."

"Basi niambie serikali inapenda kula nini, niipelekee."

Dakta alicheka. Mama hakucheka. Mama akiuliza swali huwa anataka jibu.

Sasa sikilizeni hesabu ya miaka mitatu inavyokwenda, maana hapa ndipo damu yangu inapoanza kuchemka. Miaka ilianza kuhesabiwa siku ya kutia sahihi. Fedha haikuja siku hiyo. Haikuja mwezi huo. Mwaka wa kwanza karibu wote tulikuwa na matangi makavu, mimi nalipwa kufukuza mijusi. Dakta alikuwa anapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam kufuatilia, anarudi na miguu iliyovimba na maneno haya: "Wamesema mafungu bado." Mafungu yalipofika, fukusi wazazi wakaletwa kwenye kisanduku, lakini sheria inataka wadudu wageni wakae karantini kwanza, yaani watengwe mpaka ihakikishwe hawana ugonjwa na hawali mazao ya watu. Sawa, hilo ni la haki. Wakakaa. Walipotoka, mwaka wa pili ulikuwa umechanika katikati.

Halafu fukusi naye ana miezi yake. Anataga, yai linakuwa buu, buu anakuwa fukusi, na mmoja huyo hawezi kuangusha gugu. Inabidi wajukuu wake waje, na vitukuu. Dakta alikuwa akisema, "Mabula, hawa hawajui mwaka wa fedha." Alikuwa anasema kwa mzaha. Mimi nasema bila mzaha: ile miaka mitatu ya serikali, kwa fukusi ilikuwa mwaka mmoja, tena na karo haijalipwa.

Niliwahi kumuuliza nani aliamua iwe mitatu. Kwa nini si miwili, kwa nini si saba?

"Ndivyo fomu ilivyo," alinijibu.

"Lakini fomu iliandikwa na mtu, Dakta."

"Na mtu huyo hajawahi kufuga kitu chochote," akasema, akaendelea kugeuza majani yake.

Alinifundisha kusoma jani. Fukusi mkubwa anapokula, anakwangua ngozi ya juu, anaacha alama ndogo za mraba za rangi ya mchanga. Tuliziita makovu. Jani lenye makovu mengi linaanza kukunjamana, linageuka kahawia, linaoza. "Kwa watu wengine hilo ni takataka," Dakta alisema. "Kwetu sisi ndilo tunda. Jani bovu usilitoe kamwe, Mabula. Ongeza jipya pembeni, bovu liache." Halafu akaeleza sababu. Alieleza kwa kirefu, anazunguka tangi kwa mwendo wake ule wa korongo, na mimi nyuma yake nazunguka vilevile, shingo mbele, magoti juu, na vibarua wanakufa kwa kicheko. Nilisikia "usilitoe". Sababu sikuisikia.

Ukafika mwaka wa tatu. Matangi yamejaa makovu. Magugu yamekuwa mabovu, yananuka, yanazama. Dakta anatembea akipiga mluzi. Jopo likapangwa kuja Alhamisi, na kama kawaida fungu la mwisho lilikuwa bado, kwa hiyo Dakta akapanda gari moshi tena kulifuatilia. Akaniambia atarudi kabla ya wageni.

Jumatatu ile Mkuu wa Kituo alitupanga mstari uwanjani. Mtu huyu alikuwa amebadilika. Tangu mambo ya soko huria yaanze alikuwa na wimbo mmoja: siku hizi kila kitu kijilipe. Hata choo cha kituo alitaka kijilipe.

"Wageni wanakuja Alhamisi," alisema. "Nataka hapa pang'ae. Mawe yote yapakwe chokaa. Nyasi zikatwe. Na yale matangi! Mabula, yale majani yaliyooza ni aibu. Yananuka mpaka ofisini kwangu. Toa yote, weka mazuri."

"Lakini mzee, Dakta alisema jani bovu lisi..."

"Dakta ndiye Mkuu wa Kituo?"

"Hapana, mzee."

"Basi kamata fagio."

Msinilaumu mkasahau mlikokulia. Nani kati yetu hajawahi kupaka mawe chokaa? Nchi hii mgeni rasmi hajawahi kuona jiwe la rangi yake. Tangu darasa la kwanza tunabeba maji kumwagilia maua yaliyopandwa jana ili yafe kesho mgeni akishaondoka. Nilifanya kama nilivyofunzwa tangu utoto, na nilifanya kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha kwenye Hisabati. Niliokota fukusi wakubwa mmoja mmoja na kuwarudisha juu ya majani mapya, nikajiona mtu wa akili sana. Jumatano jioni matangi yalikuwa ya kijani tupu. Ungeweza kuyapiga picha ya kalenda.

Yale mabovu sheria ilisema yachomwe shimoni, kila kitu kinachotoka kwenye tangi kichomwe, bila mjadala. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, shimo limejaa maji, vyura wanaimba. Na mimi nilikuwa na mechi, sisi wa mwaloni dhidi ya vijana wa juu mlimani, na golikipa ni mimi. Nikapakia yale majani kwenye mkokoteni, nikayasukuma mpaka nyuma ya jiwe kubwa la mwalo wetu, nikayamwaga ziwani. Magugu juu ya magugu. Nani angejua? Mechi tulifungwa.

Alhamisi Dakta alifika na gari moshi la asubuhi, akaja moja kwa moja na begi lake, dakika zilezile gari jeupe la jopo linaingia getini. Kwa hiyo aliyaona matangi pamoja nao. Mimi nilikuwa nimevaa shati la shule lililopigwa pasi, nimesimama kando ya tangi la kwanza kama mtu anayesubiri zawadi.

Mwenyekiti wa Jopo alikuwa mtu wa uchumi, viatu vyeusi vinavyong'aa. Wenzake wawili walikuwa wanaandika kila alichosema. Alitazama tangi la kwanza. Akaenda la pili, la tatu. Akarudi.

"Dakta, mimi si mtaalamu wa wadudu, lakini macho ninayo. Mbona hawali?"

Dakta alichuchumaa. Akageuza jani, akageuza lingine. Akapasua kikonyo, kile kinachovimba kama kitunguu na kulifanya gugu lielee, akachungulia ndani. Akawa kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta pochi haipo.

"Kuna mtu ameyatoa," alisema taratibu.

"Ametoa nini?"

"Majani yaliyoliwa. Mabuu wanakaa ndani ya vikonyo vyake. Kizazi chote kijacho kilikuwa humo."

Ndiyo sababu ile. Ndiyo niliyokuwa nimeelezwa nikiwa naigiza korongo.

"Nani ameyatoa?" Mwenyekiti aliuliza.

Mkuu wa Kituo alikuwa anatazama ziwa kana kwamba limeletwa jana.

"Mimi, mheshimiwa," nikasema. "Yalikuwa yameliwa sana. Yalikuwa yanaoza kabisa. Niliambiwa nisafishe."

"Na nani?"

Nikamwangalia Mkuu wa Kituo. Hapo ndipo alipogeuka, akacheka kicheko cha mtu mwema.

"Msimsikilize sana huyu kijana, mheshimiwa. Ni mtani mno. Juzi tu alimpigia simu mhasibu wangu akajifanya Waziri."

Wote wakacheka. Mpaka dereva wa gari jeupe alicheka. Na ni kweli, nilikuwa nimejifanya Waziri, na mhasibu alisimama wima akiongea na simu. Maisha yangu yote nilikuwa nawachekesha watu nikidhani ni akiba. Siku nilipotaka waniamini mara moja tu, wakanicheka.

Dakta peke yake hakucheka. "Mabula," akasema, "yale uliyotoa yako wapi?"

Yalikuwa nyuma ya jiwe. Palepale. Mtu angetembea akafika kabla soda yake haijaisha gesi. Yangeonekana makovu yote, mabuu wote, kazi yote ya miaka mitatu ikielea. Lakini kumwaga ziwani lilikuwa kosa la kisheria, na Mkuu wa Kituo alikuwa ananitazama, na bado kicheko chao kilikuwa masikioni mwangu.

"Nimechoma, Dakta."

"Basi," Mwenyekiti alisema. "Majivu hatuwezi kuyakagua."

"Takwimu zipo, mheshimiwa. Nimepima kila wiki."

"Tumezisoma. Tumekuja kuona kwa macho. Halafu nikuulize, Dakta, siku hizi ni soko huria. Hujatafuta mwekezaji?"

"Wa wadudu?"

"Kuna ubaya gani?"

"Atauza nini, mheshimiwa? Hawa wakimaliza kazi yao magugu yanaisha, na wao wenyewe wanaisha."

"Ndiyo maana nasema mradi hauna mwelekeo wa kujitegemea."

Wenzake wakaandika. Walikunywa soda, wakasifu chokaa ya mawe, wakaondoka kuwahi ndege. Miaka mitatu ilikaguliwa kwa muda ambao Mama hawezi kukagua gunia moja la dagaa. Na Mama akikagua gunia anaingiza mkono mpaka chini, hatazami juu tu.

Jibu lilikuja: ruzuku haitahuishwa kwa kuwa mradi haukuonyesha matokeo. Fukusi waliobaki tuliwachoma, safari hii kweli. Mkuu wa Kituo akaikodisha sehemu ya matangi kwa mfanyabiashara wa masanduku ya barafu, na sasa panajilipa. Dakta aliambiwa aachie nyumba ya serikali. Alivuka ziwa, akapata kazi ya kufundisha Biolojia kwenye shule ya binafsi upande wa Kamanga. Siku anaondoka aliniachia kioo chake cha kukuzia. Nilitamani anipige. Mtu akikupiga mnakuwa mmemalizana.

Nyumbani nilimwambia Mama kwamba wamenyimwa. Habari ya mkokoteni sikuisema. Mama akaendelea kuzunguka kilima na beseni.

Sasa niko Kidato cha Nne. Mwezi uliopita nilikuwa mezani najisomea, Mama akaingia na kunitupia gugu zima juu ya daftari, maji yanachuruzika.

"Hili lina ugonjwa gani? Kule nyuma ya jiwe yote yako hivi. Yamekuwa mekundu kama yameungua, kasia linapita."

Nililigeuza jani. Makovu. Makovu juu ya makovu, hakuna mahali pa kuweka kidole. Nikapasua kikonyo kwa ukucha, na humo ndani buu mweupe mnene akajikunja kwa kuona mwanga. Nikamweleza Mama yote: fagio, mkokoteni, mechi, na lile neno "nimechoma".

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Wewe ulijua yalipo, ukamwacha yule baba akafukuzwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Vaa viatu. Nenda kamwambie uso kwa uso. Ukirudi nakuchapa."

Nilipanda kivuko kwenda Kamanga na gugu ndani ya mfuko wa plastiki. Dakta nilimkuta nje ya darasa, koti lina vumbi la chaki. Nilimwamkia, nikampa mfuko, nikasema kila kitu bila kutia utani hata mahali palipofaa. Alitoa jani, akalisoma upande huu na huu.

"Toka mbele yangu," akasema.

Nikaanza kuondoka.

"Rudi. Ulimwaga lini, Jumatano ile? Kwa hiyo mvua za vuli, kiangazi, masika..." Alikuwa anahesabu vizazi kwa vidole, na macho yake yanang'aa, na hasira iko palepale usoni, vyote viwili. "Walihitaji muda tu. Nilisema. Niliandika kila ukurasa, walihitaji muda."

"Sasa si tuwaandikie, Dakta? Waje waone."

"Mradi umefungwa, Mabula. Kilichoonekana baada ya ruzuku kuisha hakikuonekana. Nikitaka, niombe upya kama mtu ambaye hajawahi kufanya kitu. Wakikubali, miaka mitatu. Mwaka wa kwanza kusubiri mafungu. Wa tatu, jopo."

"Utaomba?"

Kengele ililia. Alisema atakuja mwaloni Jumamosi na rula yake, apime, hata kama hakuna wa kumpelekea vipimo.

Kwenye kivuko nikirudi ndipo nilipostaafu rasmi, kichwani mwangu, na wastaafu huwa wanatafakari, basi na mimi nilitafakari. Mtoto wa mtu anapewa miaka saba kabla hajaanza darasa la kwanza. Hakuna jopo linalokuja akiwa na mitatu kumuuliza mbona hajui kusoma, likamfungia. Lakini kazi iliyokuwa inalifungua ziwa, ziwa ambalo mji mzima unakunywa, imepewa umri wa mtoto anayejikojolea na kuulizwa mbona haijitegemei. Nilikosea na nimekiri. Ila kama fedha ingekuja siku ya sahihi, jopo lingekuwa limeshaitwa, kibali kimetoka na fukusi wako ziwani zamani, na fagio langu lisingekuta kitu cha kufagia. Kama jopo lingewauliza watu wa mwaloni, badala ya kuyauliza mawe yenye chokaa, lingeambiwa matangi yale yalivyokuwa yakinuka. Kama wangekaa siku mbili, wangeona makovu kwenye majani mapya. Siku mbili tu! Mkuu wa Kituo amepandishwa cheo. Nimesikia anafundisha wenzake jinsi ya kupokea wageni.

Nilifika nyumbani giza linaingia. Mama alikuwa amekaa kizingitini anachambua dagaa, fimbo imeegemea ukuta karibu yake. Nikamweleza: Dakta amesikia, anakuja Jumamosi, lakini wakubwa hawatambui, na akiomba tena ni miaka mitatu ileile na watu walewale kuja kutazama.

Mama alichambua dagaa wengine wachache. Halafu alisema maneno haya, sijaongeza wala sijapunguza:

"Fimbo iko pale, leo nimechoka. Lakini siku wale watu wakirudi, nikikuona umeshika fagio, nakuvunja mkono."